Habari za Mvinyo Mwekundu wa Languedoc

Katika pwani ya kusini ya Ufaransa, tokea maingilio ya mto Rhône hadi milima ya Pyrénées inayopakana na Hispania, iko nchi iitwayo Languedoc, nchi ya jua kali, mawe meupe na pepo zisizopumzika, ambayo kwa zaidi ya miaka 2000 imekuwa ikipanda mizabibu na kukamua mvinyo mwekundu ulio mkavu, yaani usiosalia utamu wa sukari, na ambao aghalabu hautokani na zabibu za namna moja bali ni mchanganyiko wa namna tatu, nne au zaidi. Mvinyo huo haukupata fahari ya ule wa Bordeaux wala wa Bourgogne, na kwa muda mrefu wakubwa wa Paris waliuona kuwa ni kinywaji cha wachukuzi, wachimba makaa ya mawe na askari wa miguu; lakini mtu atakaye kujua ilikuwaje dola kubwa ya Ulaya ikafikia kutunga sheria ya kumkinga mkulima mwaminifu na muuzaji mdanganyifu, hana budi kuzisoma habari za mvinyo huu wa kimaskini kabla ya zile za mivinyo ya wakubwa, maana humo imo kadhia nzima ya kuchanganya kwa ustadi na kughushi kwa hila, na ya damu iliyomwagika kabla ya mambo hayo mawili kutengwa. Najua kwamba wasomaji wengi wa lugha yetu dini yao imewaharimishia kinywaji hiki, nami siandiki ili kumtamanisha mtu. Ninayoyasimulia ni mambo ya wakulima waliodhulumiwa bei ya jasho lao, na mwenye shamba la mikarafuu aliyepata kuona bei ikianguka siku ile ile ya mavuno atayafahamu bila ya kufasiriwa.

Walioupanda mzabibu kwanza katika pwani ile walikuwa Wayunani wa Phocaea, mji wa Asia Ndogo, waliojenga bandari ya Massalia, ndiyo Marseille ya leo, takriban miaka 600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Wakafuata Warumi, ambao mwaka 118 kabla ya Isa waliasisi mji wa Narbo Martius, ndio Narbonne, juu ya njia kuu iitwayo Via Domitia iliyounganisha Italia na Hispania; na askari wao wazee waliomaliza utumishi wakagawiwa ardhi, wakalima. Mvinyo wa huko ukazidi hata mnamo mwaka 92 baada ya Isa Kaisari Domitian akatoa amri kwamba nusu ya mizabibu ya majimbo ing'olewe, akitaja uhaba wa nafaka. Amri hiyo haikushikwa barabara, walakini haikufutwa ila katika zama za Kaisari Probus, karibu miaka 200 baadaye. Dola ya Rumi ilipoanguka, mizabibu ililelewa na watawa wa Kikristo, ambao ibada yao haitimii bila ya mvinyo, katika nyumba kama Lagrasse na Fontfroide zilizomo kati ya vilima vya Corbières.

Lililowazuia watu wa Languedoc kutajirika halikuwa ardhi wala jua, bali njia. Mvinyo ni bidhaa nzito, ya bei ndogo kwa uzani wake, na pipa lililopanda mlima juu ya gari la ng'ombe lilikula faida yake yote kabla ya kufika sokoni. Ndipo mwaka 1666 Pierre-Paul Riquet, mzaliwa wa Béziers aliyekuwa mkusanyaji wa ushuru wa chumvi, akaanza kuchimba mfereji wa kuiunganisha Bahari ya Kati na mto Garonne, na kwa njia hiyo na Bahari ya Atlantiki. Akaitia mali yake mwenyewe katika kazi hiyo, akaingia katika madeni, na akafariki mwaka 1680, miezi michache tu kabla ya mfereji kufunguliwa mwaka 1681. Mfereji huo, ambao leo waitwa Canal du Midi, pamoja na bandari mpya ya Sète iliyoanzishwa mwaka ule ule wa 1666, uliifungua nchi. Hata ile baridi kuu ya mwaka 1709, iliyoiua mizeituni na mizabibu kwa pamoja, haikuwavunja moyo: wengi walipopanda upya walichagua mzabibu, kwa sababu mzeituni humlazimu mtu kungoja miaka mingi kabla ya kuvuna.

Hapa yafaa nieleze kwa nini mvinyo wa huko huchanganywa, maana wako wadhanio kwamba kuchanganya ni kuficha aibu. Zabibu za kusini kila moja ina fadhila yake na ila yake. Carignan, iliyotoka Aragon katika Hispania, huzaa sana, ina rangi na uchachu, lakini ina ukakasi unaoshika ulimi, na huchelewa kuiva. Grenache, ambayo pia ni ya Hispania, hustahimili kiu na upepo, hujaa sukari na kwa hiyo hutoa mvinyo wenye nguvu na joto, lakini rangi yake hupauka upesi. Cinsault ni laini, yenye harufu nzuri na maji mengi, ila peke yake ni nyepesi mno. Mourvèdre huupa mchanganyiko uti wa mgongo na maisha marefu, nayo ni ngumu kuridhika, hata wakulima husema kwamba hutaka uso juani na miguu majini. Baadaye ikaongezwa Syrah kutoka bonde la Rhône, kwa ajili ya rangi na harufu. Mkulima ambaye amepanda namna hizi zote hajui mwaka ujao utakuwa wa ukame au wa mvua, lakini ajua kwamba si rahisi zote zikamhini kwa pamoja: mwaka ambao Carignan haikuiva, Grenache humwokoa, mwaka ambao joto limeifanya Grenache kuwa nzito kupita kiasi, uchachu wa Carignan huirudisha katika mizani. Hiyo ni hekima ya watu wasio na akiba, nami naiona ni tukufu kuliko fahari ya zabibu moja.

Na kazi yenyewe, mtu aliyeitazama haisahau. Vichala hukatwa kwa mkono mwezi wa Septemba, vikatiwa katika ndoo, na ndoo zikamiminwa katika vikapu vya mgongoni. Chumba cha mapipa kina giza na baridi, na katika birika la zege au la mti zabibu zilizopondwa huanza kuchacha zenyewe kwa hamira iliyo juu ya maganda yake. Kwa siku kadhaa maganda hupanda juu na kufanya kifuniko kinene, na chini yake maji hutokota pasipo moto. Asubuhi na jioni mtu husimama ukingoni akakisukuma kifuniko hicho chini kwa mti mrefu, kwani rangi na ukakasi vimo katika maganda, na maganda yaliyoachwa juu hukauka na kugeuka siki. Hewa itokayo humo ni nzito na huua bila ya harufu ya kumwonya mtu. Kwa hiyo mfanyakazi aliyetumwa kuingia katika birika lililomwagwa ili atoe mashapo, huteremsha kwanza mshumaa uwakao, na ukizimika haingii. Zabibu zikiisha kuchacha hata sukari ikamalizika, maji humwagwa, mashapo hukamuliwa, na kila namna hukaa katika pipa lake mpaka kipupwe, ndipo mwenye shamba akaonja, akapima, akaamua ngapi ya hii na ngapi ya ile.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka ilipofika reli. Mwaka 1839 gari la moshi lilianza kwenda kati ya Montpellier na Sète, na katika miaka ya 1850 njia ikaungana mpaka Paris, na mvinyo uliokuwa ukinywewa nyumbani au kugeuzwa pombe kali ukapata ghafula mamilioni ya wanywaji katika miji ya viwanda ya kaskazini. Hapo ndipo tamaa ilipoteremka kutoka vilimani kwenda bondeni. Wakulima walipanda kwa wingi zabibu iitwayo Aramon, ambayo katika ardhi nzito ya tambarare iliweza kutoa hektolita 200 na zaidi kwa hekta moja, mvinyo mwembamba, wa rangi hafifu, usio na nguvu; na ili kuupa rangi, baba na mwana wa ukoo wa Bouschet, karibu na Montpellier, walizalisha zabibu mpya ambazo hata maji yake ya ndani ni mekundu, na iliyo maarufu katika hizo ni Alicante Bouschet ya mwana, Henri. Nasema bila ya kusita kwamba sehemu ya msiba uliokuja baadaye ilipandwa katika miaka hiyo ya neema, na waliopanda walikuwa wenyewe.

Lakini kabla ya msiba wa bei ulikuja msiba wa mdudu. Mwaka 1863, katika kijiji cha Pujaut, jimbo la Gard, watu waliona majani ya mizabibu yakigeuka manjano kisha mekundu kabla ya wakati wake, vichala vikanyauka, na baada ya msimu mmoja au miwili mashina yakafa; na maradhi yakaenea kutoka shamba hadi shamba, na hapakuwa na aliyejua sababu. Mwezi wa Julai 1868 wakulima wa jimbo la Hérault waliwatuma watu watatu kuchunguza: Gaston Bazille, Félix Sahut, na Jules-Émile Planchon, mwalimu wa elimu ya mimea katika Montpellier. Waling'oa mizabibu iliyokufa, wakaitazama mizizi, wasione kitu ila ubovu. Kisha wakang'oa ile iliyokuwa ingali hai lakini imeanza kudhoofika, na Planchon alipoielekeza mizizi yake kwenye kioo cha kukuzia akaona vidukari vidogo vya rangi ya manjano, vimegandana kwa mamia, kila kimoja kimechoma mdomo wake katika gamba la mzizi na kunyonya. Sababu ya kutovikuta katika mizizi iliyokufa ilikuwa dhahiri: mti ukiisha kufa, mdudu huhamia ulio hai. Planchon akampa mdudu huyo jina la Phylloxera vastatrix, na neno la pili katika jina hilo maana yake ni mharibifu.

Wanachuoni wengi wa Paris hawakumsadiki. Walisema mdudu ni matokeo ya ugonjwa wala si chanzo chake, na kwamba mizabibu imedhoofika kwa sababu ya hewa na utunzaji mbaya; na wakati wao wakibishana, mashamba yaliteketea. Serikali ikatangaza zawadi ya faranga 300,000 kwa atakayepata dawa, na barua zikamiminika za kila mwenye wazo na kila mwenye upuuzi. Dawa tatu zilifaa kwa kiasi: kuzamisha shamba majini wakati wa baridi kwa siku 40 hivi, jambo lisilowezekana ila kwenye tambarare iliyo karibu na mto, kupanda katika mchanga mtupu wa pwani, kama walivyofanya huko Aigues-Mortes, kwa kuwa mdudu hawezi kutambaa mchangani, na kudunga ardhi kwa salfidi ya kaboni, majimaji yanukayo vibaya na yashikayo moto upesi, yaliyokuwa ghali mno kwa mkulima mdogo.

Tiba ilitoka kule kule ulikotoka ugonjwa. Mdudu yule alikuwa amesafiri katika miche ya mizabibu ya Marekani iliyoletwa na wapenda bustani, na Charles Valentine Riley, mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Missouri, alithibitisha kwamba ni yule yule ambaye huko kwao mizabibu ya mwituni imemzoea na haifi. Planchon alikwenda Marekani mwaka 1873 kujionea, na yeye na Bazille, pamoja na Léo Laliman wa Bordeaux, wakawa miongoni mwa waliopigania shauri ambalo wengi walilichukia: kukata mzabibu wa Kifaransa na kuupandikiza juu ya shina la Kimarekani, ili mizizi iwe ya ng'ambo na matunda yabaki ya nyumbani. Wakulima waliona hilo ni kuitia nasaba yao uharamu. Ila njaa ilikuwa mwalimu mkali zaidi ya Planchon. Shule za kupandikiza zikafunguliwa hata vijijini, na watu waliokuwa hawajashika ila jembe na mkasi wakajifunza kuchanja shina kwa kisu kikali, kuingiza kikonyo chenye macho mawili hata ganda likakutana na ganda, kukifunga kwa nyuzi za mwale, nyingi zikiletwa kwa marikebu kutoka Bukini, na kukifukia kwa kichuguu cha udongo laini mpaka kishike. Mashina ya kwanza yaliumwa katika ardhi ya chokaa, na mwaka 1887 Pierre Viala, mwalimu mwengine wa Montpellier, alitumwa Marekani kutafuta namna zistahimilizo chokaa. Akaonyeshwa njia na Thomas Munson, mkulima wa matunda wa Texas, na alichokileta kikaiokoa kazi. Ile zawadi ya faranga 300,000 haikulipwa kwa mtu ye yote. Planchon alifariki mwaka 1888, na mji wa Montpellier ukamsimamishia sanamu, ambayo ingali katika bustani iliyo jirani na stesheni.

Ukubwa wa hasara waonekana katika hesabu mbili: mwaka 1875 Ufaransa ilipata hektolita milioni 84, na mwaka 1889 ikapata milioni 23. Lakini wanywaji hawakupungua, na katika pengo lililo kati ya hesabu hizo mbili ndipo ulipoingia ughushi. Yalikuwako makampuni yaliyoloweka zabibu kavu za Uyunani na Uturuki katika maji ya moto, yakayachachisha. Walikuwako waliomimina maji na sukari juu ya mashapo yaliyokwisha kukamuliwa, wakapata mvinyo wa pili na wa tatu kutoka katika zabibu zile zile. Na walikuwako waliotia rangi za kiwandani. Mwaka 1889 sheria iliyopewa jina la Griffe, seneta wa Hérault, ilitamka kwamba kitu kisichotokana na kuchacha kwa zabibu mbichi hakina ruhusa ya kuuzwa kwa jina la mvinyo. Na hilo lilikuwa neno jema, ila kutamka si kutekeleza. Mwaka 1903 ushuru wa sukari ulipunguzwa, na sukari ya viazisukari vya kaskazini ikawa rahisi kuliko jua la kusini. Wakati huo huo walowezi wa Algeria, waliokuwa wamepanda mizabibu kwa wingi ili kuziba pengo la mdudu, waliendelea kupakia mvinyo wao mzito marikebuni kwenda Sète. Nao wakulima wa Languedoc walikuwa wamekwisha kupanda upya, tena tambarare na kwa Aramon. Insafu yanilazimu kusema kwamba wingi huo wa mavuno uliiangusha bei pamoja na ughushi, na pengine kuuzidi; lakini mkulima aliyekuwa akimwaga mvinyo wake halisi mtaroni ili apate chombo cha mavuno mapya, huku ule wa sukari ukiuzwa Paris, hawezi kulaumiwa kwa kuona dhulma kwanza na hesabu baadaye.

Katika kijiji cha Argeliers, jimbo la Aude, alikuwako mtu aitwaye Marcelin Albert, mkulima mdogo na mwenye mgahawa, mwembamba, mwenye ndevu, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akipanda juu ya miti na meza kuwahutubia watu juu ya mvinyo wa asili na watia sumu, na watu wakimcheka. Tarehe 11 Machi 1907 tume ya bunge ilikuja Narbonne kusikiliza malalamiko, na Albert akatoka Argeliers kwa miguu na watu 87, wakiwa na ngoma na baragumu, kwenda kuieleza shida yao. Tume ikawasikiliza, wakarudi kwao. Lakini tangu siku hiyo kila Jumapili palifanywa mkutano katika mji mwengine, na kila mkutano ukauzidi uliotangulia: Narbonne tarehe 5 Mei, watu wapatao 80,000, Béziers Jumapili iliyofuata, 150,000, kisha Perpignan, Carcassonne, Nîmes, na tarehe 9 Juni katika Montpellier ilikadiriwa kuwa watu walipita nusu milioni, jambo ambalo nchi ile haikupata kuliona. Walikuja kwa magari ya moshi, kwa punda, kwa miguu, wenye mashamba na vibarua wao, Wakatoliki na wasio na dini, wanaotaka mfalme na wanaotaka ujamaa, wakichukua mabango yaliyoandikwa kwa Kifaransa na kwa Kioksitani, lugha ya wazee wao. Na Albert, ambaye hakuwa na elimu ya siasa wala chama, akapewa lakabu ya Mwokozi.

Madai yao yalikuwa mepesi kuelezwa: mvinyo uwe wa zabibu, na atakayeuza kitu kingine kwa jina hilo aadhibiwe. Pembeni ya Albert alisimama Ernest Ferroul, tabibu na meya wa Narbonne, mjamaa aliyeijua siasa, ambaye baada ya mkutano wa Montpellier alijiuzulu umeya na kupandisha bendera nyeusi juu ya jumba la mji. Mamia ya mabaraza ya vijiji yakamfuata, kodi zikagomewa, na serikali ikajikuta haina mkono kusini. Waziri mkuu, Georges Clemenceau, akapeleka askari. Tarehe 19 Juni, alfajiri, Ferroul alitiwa nguvuni, na mji ukawaka. Jioni ile na kesho yake askari waliwafyatulia watu risasi katika njia za Narbonne. Waliouawa hawakuwa wote waandamanaji, kwani miongoni mwao alikuwamo kijana wa miaka 14, na msichana wa miaka 20 aliyekuja mjini kwa haja ya soko. Huko Perpignan jumba la serikali lilitiwa moto, na liwali wake akakimbilia darini.

Kikosi cha 17 cha askari wa miguu kilikuwa na vijana wengi wa nchi ile ile, wana na ndugu za wakulima, na kwa kuwaogopa hao serikali ilikuwa imekihamisha kutoka Béziers hadi Agde. Usiku wa tarehe 20 Juni, habari za Narbonne zilipowafikia, askari wapatao 500 walivunja ghala ya risasi, wakachukua silaha zao, wakatembea usiku kucha kurudi Béziers, na alfajiri wakaketi katika uwanja wenye sanamu ya Riquet, yule mchimba mfereji, wakageuza bunduki matako juu ili ijulikane kwamba hawatampiga raia. Watu wa mji waliwaletea mkate, nyama na mvinyo. Baada ya majadiliano, na kwa ahadi kwamba hakuna mtu atakayeadhibiwa peke yake, walikubali kurudi kambini; kisha kikosi kikapelekwa Gafsa, katika jangwa la Tunisia, wakatumikia huko. Mimi nawahesabu vijana hao kuwa ndio walioyazuia mauaji makubwa zaidi, kwani serikali iliyokuwa haisikii sauti ya nusu milioni iliisikia ya watu 500 wenye bunduki walizokataa kuzitumia.

Albert alikuwa amejificha. Alikwenda Paris kwa siri, na tarehe 23 Juni akaingia katika ofisi ya Clemenceau mwenyewe, akidhani kwamba mtu akimweleza mkubwa ukweli, mkubwa atauona. Clemenceau, aliyekuwa fundi mkubwa wa siasa, akamsikiliza, akamkemea hata akamliza, akamwahidi kwamba ughushi utaadhibiwa endapo Albert atarudi kuwatuliza watu na kujisalimisha, kisha akampa noti ya faranga 100 ya nauli ya gari la moshi; na mgeni alipoondoka tu, akawahadithia waandishi wa magazeti. Faranga 100 zilimmaliza Albert kuliko gereza lolote. Watu wake walimwita aliyenunuliwa, na wakati mwengine maisha yake yalikuwa hatarini. Akaishi miaka iliyobaki katika ufukara, akafa Argeliers mwaka 1921. Mtu aliyeitikisa dola kwa miezi mitatu bila ya kumnyanyulia mtu mkono alistahili kwa wenzake huruma kubwa kuliko hiyo.

Walakini alichokitaka kilipatikana. Tarehe 29 Juni 1907 bunge lilipitisha sheria ya kuzuia kutia maji na kutia sukari kwa ziada, na kumlazimu kila mkulima kutangaza kiasi cha mavuno yake, ili ijulikane ni mvinyo kiasi gani ulizaliwa na ni kiasi gani unauzwa. Na mwezi wa Septemba mwaka ule wakulima wakaunda shirikisho lao, Ferroul akiwa kiongozi, lenye wakaguzi wake wa kuwashitaki waghushi. Vijiji navyo vikashika njia ya ushirika. Huko Maraussan, karibu na Béziers, wakulima wadogo walikuwa wamekwisha kuanza tangu mwaka 1901 kuuza mvinyo wao pamoja, na kuupeleka moja kwa moja kwa vyama vya ushirika vya wafanyakazi wa Paris bila ya dalali kati yao. Jean Jaurès, kiongozi wa wajamaa, alikwenda kuwatazama mwaka 1905, akawasifu. Baada ya vita vya 1914, vilivyoufanya mvinyo mwekundu wa kusini kuwa posho ya kila siku ya askari mahandakini, nyumba za ushirika zilienea kusini kote, nyingi zikiwa majumba makubwa mfano wa makanisa.

Kwa jirani zao wa mashariki, kando ya Rhône, fikira ile ile ilichukua sura ya pili. Châteauneuf-du-Pape ni kijiji chenye magofu ya ngome iliyojengwa na Papa Yohana XXII, wakati mapapa walipokaa Avignon, na mvinyo wake ulikuwa ukinunuliwa na wafanyabiashara wa mbali ili kutia nguvu mivinyo yao iliyo dhaifu, jina lake likapotea. Mwaka 1923 Pierre Le Roy, mwanasheria na rubani wa zamani wa vita, aliyeoa katika nyumba yenye mashamba hapo, aliwakusanya wakulima wakajiwekea sheria kali: mpaka wa ardhi ujulikane, uwe ni ardhi kavu ya aina iotayo thaimu na lavenda, nguvu ya mvinyo isipungue asilimia 12 na nusu, vichala visivyo safi vitupwe, na mchanganyiko uwe wa zabibu zilizotajwa, ambazo hatimaye zilifika namna 13. Tarehe 15 Mei 1936 jina hilo likawa miongoni mwa ya kwanza kulindwa na dola kwa sheria ya majina ya asili. Yazingatiwe vyema: sheria haikumzuia mtu kuchanganya zabibu 13, ilimzuia kuchanganya asichokitaja.

Languedoc yenyewe ilichelewa kuheshimiwa hivyo. Kwa miongo mingi mvinyo wake mwembamba wa tambarare uliendelea kutiwa ule wa Algeria ili upate rangi, na ukauzwa kwa lita na kwa kiwango cha nguvu, bila ya jina la kijiji, mpaka Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962 na njia hiyo ikaanza kufungwa. Ukaja ule wa Italia kwa idhini ya soko la pamoja la Ulaya, wakati Wafaransa wenyewe wakinywa kidogo zaidi kila mwaka; na tarehe 4 Machi 1976, karibu na Montredon-des-Corbières, wakulima na polisi walipigana kwa risasi, wakafa wawili, mkulima mmoja na kamanda mmoja wa polisi. Baada ya siku hiyo pande zote mbili zilishtuka, na pole pole likashika nguvu shauri ambalo wachache walikuwa wakilisema tangu zamani, kwamba mizabibu irudi vilimani ilikotoka.

Fitou ilikuwa imekwisha kupata jina lake la kulindwa kwa mvinyo mwekundu mwaka 1948. Ikafuatwa na Faugères na Saint-Chinian mwaka 1982, na Corbières na Minervois mwaka 1985. Aramon iling'olewa karibu yote. Carignan nayo iling'olewa kwa maelfu ya hekta, serikali na Ulaya zikilipa fidia, kwani washauri waliiona ni mabaki ya enzi ya aibu, na hapa naona walikosea. Mizabibu mizee ya Carignan iliyosalimika katika mawe-mawe ya Corbières, iliyo mifupi na iliyopindika, huzaa kichala kidogo chenye maji mazito, na ule ukakasi wake hulainika kwa njia aliyoichunguza Michel Flanzy katika Narbonne tangu mwaka 1934, ya kuvifungia vichala vizima, bila ya kupondwa, ndani ya birika lililojazwa hewa ya ukaa hata kila punje ikaanza kuchacha ndani ya ganda lake. Leo wako wakulima vijana wanaoitafuta mizabibu hiyo mizee. Na katika kanuni za majina kadhaa ya huko, ya Corbières ikiwa mojawapo, imeandikwa kwamba mvinyo mwekundu wa zabibu za namna moja tu haustahili kubeba jina hilo. Sharti ziwe angalau namna mbili zilizochanganywa.